Dola mia nne za shemeji: kisa cha kununua bunduki ya wenzo Pennsylvania

Ujumbe uliingia alfajiri, shemeji akiwa anatoka zamu ya usiku. Picha mbili alizopiga jana yake dukani, na sauti ya sekunde kumi. Picha zilikuwa za bunduki mbili kwenye rafu, zote za wenzo, yaani za kukokwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake, zote za risasi ya aina ya .30-30, zote mbao ya kahawia na chuma cheusi. Ukisimama hatua mbili nyuma utadhani ni pacha. Kibandiko cha moja kilisema dola 799, cha nyingine dola 1,199. Sauti ikasema: "Shemeji, hizi mia nne za katikati zinanunua nini?"

Jibu la haraka lilikuwa mdomoni: zinanunua jina. Sikulituma, maana nusu yake ni uongo. Jibu kamili lilituchukua wiki tatu, maduka matatu na mvutano mdogo wa nyumbani, na ndilo ninaloliandika hapa kwa sababu wenzetu wengi walioko huku wameanza kuwinda na swali ni lile lile kila mwaka.

Kwanza mnunuzi mwenyewe. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mtu wa Uvira, Kivu Kusini nchini Kongo, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule kwetu Kasulu kabla ya kuletwa Marekani. Sasa ni raia, anaishi Erie, kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania, na kama watu wengi wa mji ule anafanya kazi kiwanda cha plastiki. Kazi yake ni kukagua: kikombe, kifuniko, kipande cha gari kinatoka kwenye kalibu, yeye anapitisha ukucha kwenye maungio kuona kama kuna ukingo uliozidi. Ukucha huo utarudi baadaye. Na jambo moja zaidi, ambalo nilikuwa nimelisahau mpaka nilipomwona akishika bunduki dukani: ni wa mkono wa kushoto.

Alitaka nini? Nyama ya kulungu kwa ajili ya friza, na sababu ya kutoka nje Jumamosi ile baada ya sikukuu ya Thanksgiving mwishoni mwa Novemba, siku msimu wa bunduki unapofunguliwa Pennsylvania na viwanda vingine vinabaki nusu ya watu. Pesa aliyotenga ni dola 1,300, kila kitu ndani.

Sasa, mtu anayejua bunduki atauliza mara moja: kwa nini ya wenzo? Bunduki ya komeo, ile unayovuta kishikizo nyuma na kukisukuma mbele kwa kila risasi, unaipata mpya kwa dola 450 mpaka 600, na kwa usahihi wa shabaha itaishinda ya wenzo yenye bei mara mbili. Hilo ni kweli na sikumficha. Tofauti inatokana na jinsi zinavyotengenezwa. Mwili wa bunduki ya komeo kimsingi ni bomba. Mashine inauchonga kwa muda mfupi. Ya wenzo ina mkono wa chuma unaozunguka kifyatulio. Ukiusukuma chini, komeo linarudi nyuma, ganda linatoka, nyundo inajikoka, na risasi nyingine inatoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu na kukaa kwenye kijiko cha ndani. Ukiurudisha juu, risasi inaingia kwenye chemba, yaani nyumba yake nyuma ya mtutu, na kila kitu kinajifunga. Vipande ni vingi, vina pembe za ajabu, na vinapaswa kupishana bila kukwaruzana. Mtu lazima akae avioanishe, na mtu huyo analipwa kwa saa.

Kwa hiyo ukinunua ya wenzo unalipia ufundi wa muundo wenyewe kabla hujafika kwenye ubora. Shemeji alikuwa na sababu tatu za kukubali. Misitu ya kule imefunga. Kulungu unamwona umbali wa mita 40, 60, mara chache zaidi ya 80, na .30-30 inafanya kazi bila shida mpaka mita 150 hivi. Sababu ya pili ni sheria: Pennsylvania hairuhusu bunduki inayojikoka yenyewe kwa wanyama wakubwa, kwa hiyo chombo cha mkono kinachorudia haraka bado kina heshima yake. Ya tatu ni mkono wa kushoto. Bunduki nyingi za komeo kishikizo chake kiko kulia. Za mashoto ni chache na mara nyingi zina bei ya juu. Wenzo uko katikati, chini ya tumbo la bunduki, haujali unatumia mkono gani. Hapo hoja ya komeo la bei rahisi ikapungua nguvu. Haikufa, ila ilipungua.

(Na kwa wanaodhani hiki ni kifaa cha filamu za wachunga ng'ombe tu: Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda nyika za Kenya, alikuwa na Winchester ya wenzo, muundo wa 1895, ya risasi nzito ya .405, na aliipenda hasa kwa simba. Shemeji alipoisikia hii alicheka: "Kumbe ilishafika kwetu kabla yangu.")

Basi turudi kwenye rafu. Bunduki mpya za .30-30 za wenzo alizoziona madukani zilikuwa za majina manne, na hapa ndipo nusu ya kweli ya "unalipia jina" inapotakiwa kufumuliwa, kwa sababu jina lililochongwa kwenye mtutu halikuambii nani ameitengeneza.

Chukua Marlin. Muundo wa 336 uko sokoni tangu 1948, na kwa miongo mingi ulitoka Connecticut, miaka ya mwisho mji wa North Haven. Mwishoni mwa 2007 kampuni ilinunuliwa na wenye kampuni ya bunduki ya Remington, kiwanda cha North Haven kikafungwa, mashine kongwe zikahamishwa, na wale mafundi waliojua tabia ya kila mashine hawakuhama nazo. Zilizofuata zilipata sifa mbaya kwa wanunuzi: mbao isiyokaa vizuri kwenye chuma, alama za kulengea zilizopinda, wenzo unaokwama. Jina lilikuwa lile lile, na bei haikupungua kwa kiasi cha aibu. Remington ilifilisika 2018, ikafilisika tena 2020, na mnada huo ndio ulioiuza Marlin kwa kampuni ya Ruger kwa dola milioni 28 na kidogo. Ruger walipeleka kazi Mayodan, North Carolina, wakaanza kutoa bunduki mwisho wa 2021, na 336 ikarudi 2023. Namba zake za usajili zinaanza na RM. Kwa hiyo kuna Marlin tatu zenye jina moja, na bei ya haki ya kila moja ni tofauti.

Winchester nayo ina hadithi yake. John Browning alibuni muundo wa 1894. Mwaka uliofuata risasi ya .30-30 ikatoka kwa ajili yake, na zaidi ya bunduki milioni saba za muundo huo zimetengenezwa. Mwaka 1964 kampuni ilipunguza gharama za utengenezaji kwa namna iliyoonekana kwa macho, na mpaka leo wauzaji wa mitumba wanatamka "kabla ya sitini na nne" kama sisi tunavyotamka "mayai ya kienyeji". Kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006. Winchester 94 mpya unazoziona leo zinatengenezwa Japani na kampuni ya Miroku, katika mkoa wa Kochi. Ni kazi safi mno. Dukani ilikuwa dola 1,350, nje ya pesa yetu hata kabla ya kodi, kwa hiyo tuliishika, tukaifurahia, tukairudisha.

Henry ni kampuni changa kuliko jina lake. Ilianzishwa Brooklyn 1996. Jina linamkumbuka Benjamin Tyler Henry wa bunduki maarufu ya 1860, lakini hakuna mnyororo wa kiwanda unaoziunganisha. Wanajivunia kutengeneza kila kitu Marekani, na leo wana viwanda Rice Lake, Wisconsin. Ile ya .30-30 yenye chuma cheusi na kidirisha cha pembeni cha kuingizia risasi ilikuwa dola 949.

Rossi hutoka Brazil. R95 yao inafuata muundo wa Marlin 336 waziwazi, mbao ya mti mgumu iliyopakwa rangi badala ya walnati, mbao ya thamani, na ndiyo iliyokuwa dola 799.

Kwa hiyo pacha wawili wa picha ya alfajiri walikuwa Rossi na Marlin ya Ruger. Mia nne zile zinanunua nini? Zinanunua walnati badala ya mti mgumu wa kawaida. Zinanunua mng'aro wa chuma, na mng'aro ni saa za mtu, hauna njia ya mkato. Zinanunua mishahara ya North Carolina badala ya ile ya Brazil. Na zinanunua bei ya kuuzia tena, kwa sababu Marlin ikikaa miaka kumi huwa haipotezi sana. Hazinunui mtutu unaopiga mbali zaidi, wala risasi yenye nguvu zaidi. Kulungu aliye mita 50 hatofautishi.

Hapo nilimfanyia hesabu, na hesabu ndiyo iliyonisumbua mimi mwenyewe. Kodi ya mauzo Pennsylvania ni asilimia 6. Marlin inakuwa dola 1,270.94. Zinabaki dola 29 na senti, na hana hata risasi moja, hana kabati la chuma, hana leseni. Rossi inakuwa dola 846.94, zinabaki 453. Boksi la risasi ishirini pale dukani lilikuwa dola 35. Ukizigeuza mia nne zile, pamoja na kodi yake, unapata maboksi kumi na moja: risasi 220 za mazoezi. Mtu asiyewahi kupiga shabaha, ukimpa bunduki ya 799 na risasi 220, na mwenzake ukampa ya 1,199 na boksi moja, Novemba ikifika najua nitakayekwenda naye porini.

Niseme na upande wangu. Yangu ni Marlin ya North Haven, nilimuuzia mzee jirani mashine ya kukata majani na yeye akaniuzia bunduki. Naipenda kuliko inavyostahili. Bila kutambua nilikuwa namsukuma shemeji kwenye 1,199, na kila hoja niliyompa ilikuwa na harufu ya bunduki yangu ndani yake. Mtu ukimwomba ushauri wa kununua kitu ambacho yeye anacho, mshukuru kisha ukate theluthi.

Mbona basi hakununua kuukuu kama yangu? Tuliwaza. Zile za North Haven zenye herufi JM kwenye mtutu hupatikana, na nzuri ipo. Lakini ya mitumba inahitaji jicho linalojua mtutu uliolika, skrubu zilizofunguliwa na fundi wa jikoni, na ile ya miaka ya mpito inayouzwa kwa bei ya ile ya zamani. Shemeji hakuwa na jicho hilo, langu halikutosha kwa wawili. Alitaka mpya yenye dhamana, na nilikubali.

Sasa ukucha. Duka la pili walituruhusu kushika kila kitu. Utaratibu ni uleule popote: muuzaji anafungua wenzo, anaonyesha chemba tupu, anakupa, na wewe unafungua tena kuangalia, hata kama umetazama akifanya. Mdomo wa mtutu hauelekei mtu. Nyundo haiangushwi kwenye chemba tupu mpaka uombe ruhusa. Shemeji aliweka zile bunduki juu ya kitambaa, akaanza kazi ya kiwandani. Alipitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, kwenye mkia wa mwili na kwenye kitako. Akaangalia vichwa vya skrubu kama vimechubuka, maana skrubu iliyochubuka dukani inasema kuna mtu alikuwa na haraka kiwandani. Akaivuta wenzo taratibu mno, taratibu kuliko mtu yeyote atakavyoivuta porini, akisikiliza inakoganda. Ukiivuta kwa nguvu kila bunduki ni laini. Kasi inaficha makosa. Akatazama alama za kulengea kutoka nyuma kuona kama ya mbele imesimama wima.

Alichogundua kilinifundisha. Kati ya zote tulizozishika, mbili za makampuni tofauti zilikuwa na kasoro za kuonekana: moja mbao yake ilisimama juu ya chuma upande mmoja na kuzama upande wa pili, nyingine alama ya mbele ilikuwa imeinama kidogo kama kofia ya mlevi. Sitazitaja, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa hili: duka lilikuwa na nyingine ya aina ileile ya ile yenye mbao mbaya, kaka yake kabisa, bei ileile, na hiyo ilikuwa safi. Shemeji hakushangaa hata kidogo. "Kalibu ni moja, vikombe vinatofautiana," alisema. "Wewe unasema kampuni hii nzuri, kampuni hii mbaya. Mimi kiwandani sikatai kampuni. Nakataa kikombe." Muuzaji, mzee mwenye ndevu, alituangalia tukizungumza Kiswahili na ukucha ukitembea, akauliza tunasema nini. Nilipomtafsiria akatikisa kichwa kukubali na kwenda stoo kuleta nyingine.

Basi nikadhani tumemaliza: achague R95 iliyo safi, mia nne ziende kwenye risasi. Nilishamwandikia hesabu kwenye karatasi. Ndipo mkewe akaingia kwenye habari.

Mkewe pia ni wa Kivu Kusini. Kwake bunduki haijawahi kuwa chombo cha nyama. Kule nyumbani aliyekuja na bunduki hakuja kuwinda, na hata magobore ya wahunzi wa vijijini, yale ya baruti na misumari, yalimtia hofu baba yake alipokuwa nayo. Na wana watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Hakukataa moja kwa moja. Aliuliza swali moja, kwa Kiswahili chao: "Shemeji, hiyo kitu ikirudi ku nyumba jioni, nitajua namna gani kama iko tupu?"

Sikuwa na jibu zuri, kwa sababu bunduki yangu haina jibu zuri. Marlin 336, na zote zinazofuata muundo huo, hujazwa kwa kidirisha cha pembeni: unasukuma risasi moja moja ndani ya bomba. Ni raha kujaza, unaweza kuongeza risasi bila kuishusha bunduki begani. Lakini kuitoa mzigo ni kinyume chake. Lazima uendeshe wenzo kwa kila risasi, kila moja ipite kwenye chemba, ikiwa hai, huku nyundo ikijikoka nyuma yake, mpaka bomba liishe. Mtu mzoefu mwenye vidole vya joto anafanya hivyo bila wasiwasi. Mtu wa msimu wa kwanza, saa kumi na moja jioni, baridi chini ya sifuri, glavu mikononi, mlangoni kwa gari, hapo ndipo ajali inapokaa ikingoja. Kuna kitufe cha usalama kwenye Marlin, na kinasaidia, ila kinahitaji ukikumbuke.

Henry yenye kidirisha cha pembeni ina njia mbili. Unaweza kujaza kwa kidirisha; na bomba lake la ndani linachomolewa kwa mbele, kama unavyochomoa fimbo kwenye mwavuli. Ukilichomoa na kuinamisha bunduki, risasi zinateremka mkononi bila kupita kwenye chemba. Inabaki ile moja ya chemba, kama ipo. Unafungua wenzo mara moja, unatazama, unaingiza kidole kidogo. Kwa upande mwingine haina kitufe cha usalama cha nje. Inategemea mtambo wa ndani unaozuia pigo la nyundo kufikia fataki, kile kiwasho kilicho kitakoni mwa risasi, mpaka kifyatulio kivutwe. Kuna wanaoona hilo ni pungufu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilibadilika nilipofikiria ile jioni ya baridi kwa hatua zake, kimoja baada ya kingine, badala ya kuhesabu vitufe.

Hapo dola mia nne zikageuka swali jingine. Tulikuwa tunauliza ubora kama kitu kimoja, kama vile kuna kipimo cha ubora na bei inakwenda nacho sambamba. Kumbe mkusanyaji anapima walnati na mng'aro. Mwindaji mzee anapima wenzo na uzito mkononi. Shemeji anapima maungio. Na mkewe alikuwa anapima sekunde thelathini za mlangoni, ambazo hakuna kibandiko cha bei kinachozitaja. Ukiwauliza wote wanne bunduki ipi "bora", watakupa majibu manne na wote watakuwa sahihi.

Henry ya 949 na kodi ikawa dola 1,005.94. Kabati la chuma la kufungwa ukutani, dola 119, na kodi 126.14. Maboksi matatu ya risasi, 111.30. Leseni ya mkazi, dola 21 hivi. Jumla 1,264 na senti. Kizibao na kofia ya rangi ya machungwa, ambayo sheria inaitaka inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni, nilimpa za kwangu za zamani. Zilibaki dola 35, boksi la nne la risasi lililokosa kodi yake. Hesabu ilibana kuliko ya Rossi, na risasi za mazoezi zilikuwa 60 badala ya mamia. Hilo ndilo alilolipa, na nilitaka alijue kwa sauti kabla hajatoa kadi.

Neno kuhusu risasi zenyewe, maana duka moja lilitaka kumuuzia zisizofaa. Kwenye bomba, risasi zinalala msururu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha kali na ngumu ikipigwa na mshtuko inaweza kuifyatua jirani yake ndani ya bomba. Ndiyo maana .30-30 za kawaida zina kichwa bapa, za uzito wa greni 150 au 170. Kampuni ya Hornady ina zenye ncha, lakini ncha hiyo ni ya plastiki laini iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba haya. Alinunua za greni 150, kichwa bapa, za bei ya kati.

Karatasi zilikuwa sehemu fupi. Fomu ya serikali kuu, namba 4473, kitambulisho, kisha muuzaji anawasiliana na mfumo wa polisi wa jimbo unaokagua kumbukumbu zako. Raia anaruhusiwa, na mwenye makazi ya kudumu pia. Swali linalowaponza watu wetu ni lile linalouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Sisi tumezoea kutumana: "Ukipita dukani nichukulie na mimi moja, nitakurudishia." Kwa maziwa sawa. Kwa bunduki, kuchukua pesa ya mtu na kujaza fomu kwa jina lako ni kosa la jinai la serikali kuu, hata kama mwenye pesa angeruhusiwa kununua mwenyewe. Zawadi ya kweli kwa anayeruhusiwa ni jambo tofauti. Nilikuwa nimepanga kumlipia shemeji kwa kadi yangu anirudishie mwisho wa mwezi. Nikaiacha kadi mfukoni. Na katika bei yenyewe, kwa anayejiuliza, kuna kodi ya asilimia 11 ambayo mtengenezaji au mwagizaji alishailipa kwa sheria ya 1937. Inarudi majimboni kulinda wanyama na makazi yao.

Kozi ya usalama alikuwa ameshaimaliza Septemba. Kozi ya mtandaoni inakufundisha mengi isipokuwa baridi.

Oktoba tulikwenda uwanja wa shabaha mara mbili. Tulianza yadi 25, kisha 50, kisha 100, kwa alama za chuma bila darubini, akiwa amekaa na bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Kwenye yadi 100, tatu zake nzuri zilikaa ndani ya upana wa kiganja. Mahali pa kupiga kulungu, moyo na mapafu, ni duara la kama inchi nane. Inatosha. Alipiga risasi arobaini, akabakiza ishirini, na nadhani angefaidika na arobaini nyingine; bado naiona ile karatasi yangu ya maboksi kumi na moja. Yangu ilikaa ndani ya kiganja kilekile, na mbao yake nzuri haikuongeza kitu pale uwanjani, ila nilikuwa naiangalia yeye akiangalia shabaha.

Wenzo ulikuwa mkavu siku ya kwanza, ukalainika baada ya matone matatu ya mafuta na jioni mbili za kuuchezesha mbele ya televisheni, bunduki tupu, watoto wamelala.

Jumamosi ya ufunguzi tulikuwa msituni kabla ya jua. Tulipanda mlima kila mmoja upande wake. Saa tatu asubuhi nilisikia mlio mmoja kutoka kwake, kisha kimya kirefu, kisha simu ikatetemeka mfukoni. Tulimburuta kulungu jike kwa saa nzima kwenye majani yenye theluji, na shemeji alirudia mara mbili kwamba alimwona mita 45 na kwamba hakuharakisha.

Jioni kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake, kabla ya kuvua viatu, aliniambia nisimame. Mkewe alikuwa ametoka na taa. Shemeji akaelekeza mtutu kwenye bustani, akachomoa bomba, akainamisha, risasi zikashuka kiganjani. Akafungua wenzo. Mkewe akasogea, akaangalia ndani kwa taa, akaingiza kidole kidogo mwenyewe, kisha akachukua zile risasi na kuzihesabu kwa sauti.

"Nne," alisema. "Asubuhi ulitoka na tano."

Shemeji akaonyesha nyuma ya gari.